Dawa ya Zamani, Kazi Mpya

Je, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye baridi yabisi inaweza kumsaidia mgonjwa anayeshindwa kupumua kwa sababu ya virusi? Na kompyuta, chombo ambacho hakijawahi kuugua wala kuuguza, inaweza kuitambua dawa hiyo kati ya maelfu?

Maswali haya yanaweza kuonekana kuwa ya wataalamu peke yao, lakini sisi akina mama yanatuhusu sana. Mtoto akiamka usiku na homa, mkono wa kwanza kumgusa paji la uso ni wa mama. Mume akikohoa wiki nzima, mkewe ndiye anayemhimiza aende hospitali. Na habari za dawa mpya zikivuma sokoni, kwenye basi au katika simu, ni sisi tunaoulizwa: "Mama, tuinunue?" Ni vema basi tujue jinsi dawa hizi zinavyotafutwa, ili tujue pia lini tuamini na lini tungoje.

Adui anayejificha ndani yetu

Magonjwa mengi tunayoyaogopa huletwa na virusi: surua, polio, homa ya manjano, dengi, Ebola, UKIMWI, na korona ambayo wengine huiita UVIKO-19. Virusi ni vidogo sana kuliko bakteria, na haviwezi kuzaana vyenyewe. Kirusi huingia ndani ya seli ya mwili wetu, kikaigeuza kuwa kiwanda cha kutengeneza virusi wengine. Ndiyo sababu dawa za kuua bakteria, kama vile amoksilini, haziwezi kuua virusi hata tukizimeza pakiti nzima.

Ndiyo sababu pia ni vigumu kutengeneza dawa ya virusi. Kwa kuwa kirusi hutumia vifaa vya seli zetu wenyewe, ukikipiga bila uangalifu unampiga na mgonjwa. Kutengeneza dawa mpya kabisa, tangu wazo la kwanza hadi ifike dukani, mara nyingi huchukua zaidi ya miaka kumi. Nayo maradhi yanapolipuka hayamngoji mtu miaka kumi.

Kwa hiyo wanasayansi wamejiuliza swali ambalo mama yeyote angejiuliza akiwa na chungu kimoja na mapishi mawili: Katika dawa tulizo nazo tayari, je, hakuna inayoweza kufanya kazi ya pili?

Si jambo geni

Mwaka 1964 mtaalamu wa kemia aitwaye Jerome Horwitz, katika mji wa Detroit nchini Marekani, alitengeneza dawa aliyotumaini ingetibu saratani. Haikufaulu. Ikawekwa kando, na watu wakaisahau.

Miaka ishirini hivi baadaye UKIMWI ulikuwa ukiua watu, na hakukuwa na dawa hata moja ya kuuzuia. Mwaka 1985 watafiti wa kampuni ya Burroughs Wellcome na wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani waliipima dawa ile ya Horwitz katika maabara dhidi ya virusi vya UKIMWI. Ikavizuia kuzaana. Machi 1987 ikaruhusiwa rasmi nchini Marekani, ikawa dawa ya kwanza ya ugonjwa huo. Wengi wetu tunaijua kwa jina la AZT, au zidovudini.

Kisha likaja jambo lililowagusa akina mama hasa. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya majaribio yaliyofanywa Marekani na Ufaransa kwa wanawake wajawazito wenye virusi vya UKIMWI. Katika kila watoto 100 wa akina mama ambao hawakupewa AZT, 25 hivi waliambukizwa. Kwa akina mama waliopewa, walioambukizwa walikuwa 8 hivi. Leo mama mjamzito mwenye virusi hivyo hupewa mchanganyiko wa dawa ulio bora zaidi, na watoto wengi sana huzaliwa salama. Lakini aliyefungua mlango ni dawa iliyoshindwa kazi yake ya kwanza.

Faida ya dawa ya zamani ni kwamba haianzi safari mwanzoni. Kipimo chake kinajulikana, madhara yake yameshaandikwa, na viwanda vya kuitengeneza vipo. Linalobaki kujulikana ni moja tu: Je, inaufaa ugonjwa huu mwingine? Hata hivyo dawa zinazotumika duniani ni maelfu. Nani ataweza kuzijaribu zote, moja moja, na huku wagonjwa wanangoja?

Funguo elfu nane na mlango mmoja

Hapa ndipo kompyuta inapoingia. Zamani, na hata sasa, watafiti hudondosha dawa kidogo katika kisahani chenye seli na virusi, kisha wakangoja waone kama virusi vitapungua. Ni kazi ya subira, na virusi vingine ni vya hatari mno hata havifai kuguswa ila katika maabara maalumu iliyofungwa vizuri. Kompyuta huwasaidia kupunguza idadi ya dawa za kujaribiwa.

Fikiria, mama msomaji, kwamba umepewa kapu lenye funguo elfu nane, nawe una mlango mmoja uliofungwa. Ungejaribu funguo zote? Bila shaka kwanza ungelitazama tundu la kufuli. Funguo nene mno ungezitupa upande. Zenye meno yasiyofanana na tundu ungezitupa pia. Ukibaki na sabini, hapo ndipo ungeanza kuzijaribu kwa mkono.

Kirusi nacho kina matundu yake. Mwili wake umejengwa kwa protini, na katika protini hizo mna vishimo vyenye umbo maalumu. Dawa ikiingia katika kishimo na kung'ang'ania humo, huenda protini hiyo isiweze tena kufanya kazi yake. Wanasayansi hupiga picha za protini hizo kwa mionzi na kwa vyombo vingine vyenye nguvu, wakapata umbo lake kamili. Umbo hilo huingizwa katika kompyuta, na maumbo ya dawa nayo huingizwa. Kisha kompyuta huichukua dawa moja baada ya nyingine, ikaigeuzageuza mbele ya kishimo, ikahesabu itashika kwa nguvu kiasi gani, na kuipa alama. Mwishoni hutoa orodha: wa kwanza, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho.

Ndivyo ilivyofanyika korona ilipozuka. Januari 2020 wanasayansi wa China walitangaza kwa dunia nzima mpangilio wa vinasaba vya kirusi hicho kipya. Mwezi uliofuata, watafiti katika maabara ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee nchini Marekani, walitumia kompyuta iliyoitwa Summit, ambayo wakati huo ilikuwa yenye kasi kuliko zote duniani. Waliipa dawa na kemikali nyingine zaidi ya 8,000. Iliwarudishia orodha ya 77 zilizoonekana kuwa zinaweza kushika ile miiba ambayo kirusi hutumia kuingia katika seli.

Watafiti hao wenyewe walisema wazi kwamba hawakudai kupata tiba. Walikuwa wamepepeta tu. Na sote tunajua kwamba mchele uliopepetwa kwa ungo bado haujawa chakula mezani.

Kompyuta inayosoma

Ipo njia ya pili, nayo haitazami umbo la dawa peke yake. Kompyuta hupewa maandishi ya kitaalamu kwa wingi: ni protini gani hufanya kazi gani mwilini, ni dawa gani hugusa protini gani, ni ugonjwa gani hupitia njia gani. Hakuna binadamu awezaye kusoma yote hayo na kuyakumbuka. Kompyuta huyaunganisha kama mama mzee anayejua ukoo wote wa kijiji: fulani ameoa kwa akina fulani, na huyu ni mjukuu wa yule. Mtafiti akiuliza, humwonyesha undugu ambao hakuufikiria.

Mwishoni mwa Januari 2020, kampuni ya London iitwayo BenevolentAI iliuliza swali la namna hiyo. Mtaalamu wake Peter Richardson na wenzake walitaka dawa ambayo ingeweza kuzuia virusi vya korona visiingie katika seli za mapafu, na papo hapo itulize kinga ya mwili inapowaka kupita kiasi. Maana katika ugonjwa huu wengi waliozidiwa hawakuumizwa na virusi tu. Askari wao wenyewe wa mwili walipigana kwa hasira hata wakayaharibu mapafu waliyotumwa kuyalinda.

Kompyuta ilifuata undugu hadi kwenye protini moja ya mwili iitwayo AAK1, inayosaidia vitu kuingia ndani ya seli. Dawa na kemikali zinazoweza kuizuia protini hiyo zilikuwa 378. Kati ya hizo, 47 zilikuwa zimesharuhusiwa kutibu watu. Kati ya 47, sita ziliizuia kwa nguvu sana. Baadhi ya hizo sita zilikuwa dawa za saratani, na kipimo ambacho kingehitajika kingemdhuru mgonjwa. Watafiti waliishia na moja iliyoonekana kufaa: barisitinibu, kidonge cha kumezwa mara moja kwa siku, kinachotumiwa na watu wenye baridi yabisi ya kinga ya mwili, ugonjwa ambao huwasumbua wanawake kuliko wanaume. Pendekezo lao lilichapishwa katika jarida la kitabibu The Lancet tarehe 4 Februari 2020. Wakati huo nchi nyingi za Afrika zilikuwa bado hazijapata mgonjwa hata mmoja.

Mizani ni mgonjwa mwenyewe

Tungeweza kuishia hapo na kushangilia, lakini kazi iliyo muhimu kuliko zote ilikuwa bado. Kompyuta ilisema barisitinibu inaweza kusaidia. Je, inasaidia kweli?

Ili kulijibu swali hilo, wagonjwa waliokubali kwa hiari hugawanywa katika makundi kwa bahati nasibu, kama kwa kupiga kura. Kundi moja hupewa dawa inayojaribiwa pamoja na matibabu ya kawaida. Kundi la pili hupewa matibabu ya kawaida tu, au pamoja na kidonge kisicho na dawa ndani. Kisha matokeo hulinganishwa.

Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu wagonjwa wengi hupona hata wasipopewa kitu. Mtoto mwenye mafua akipewa chai ya tangawizi hupona baada ya wiki moja, na asipopewa hupona baada ya siku saba. Mama aliyempa chai atasema ni chai. Hakosei kwa kupenda chai, ila hana mtoto wa pili wa kumlinganisha naye.

Barisitinibu ilipimwa hivyo katika nchi nane, kwa wagonjwa 1,033 waliolazwa, wote wakiwa wanapewa pia dawa ya remdesiviri. Wale walioongezewa barisitinibu walipata nafuu mapema zaidi. Wagonjwa waliokuwa wakihitaji oksijeni kwa wingi sana, lakini hawajawekewa mpira wa kupumulia kooni, walipata nafuu kwa siku 10 badala ya 18. Tarehe 19 Novemba 2020 Marekani ikairuhusu kwa dharura. Tangu pendekezo la kompyuta ilikuwa imepita miezi tisa na nusu tu.

Uingereza nayo iliipima katika mpango mkubwa uitwao RECOVERY, na matokeo yakatangazwa Machi 2022. Kati ya wagonjwa 4,148 waliopewa barisitinibu walikufa 514. Kati ya 4,008 ambao hawakupewa walikufa 546. Baada ya kuzingatia umri wa wagonjwa, watafiti walihesabu kwamba dawa ilipunguza vifo kwa asilimia 13. Tena wengi sana wa wagonjwa hao walikuwa tayari wanapata deksamethasoni, dawa nyingine ya zamani na ya bei nafuu, ambayo mpango huohuo ulionyesha Juni 2020 kwamba huokoa maisha ya wagonjwa wanaohitaji oksijeni. Januari 2022 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaipendekeza barisitinibu kwa wagonjwa mahututi wa korona.

Asilimia 13 si muujiza. Lakini mama aliyerudi nyumbani kwa wanawe kwa sababu ya asilimia hiyo hataiita ndogo.

Funguo zisizofungua

Sasa tuseme na upande wa pili, kwa maana ni huu uliowatia watu wengi hasarani.

Nani kati yetu hakumbuki klorokwini? Tulipewa utotoni, nasi tukawapa watoto wetu, uchungu wake ukikaa ulimini na mwasho wake ukitukesha. Kenya iliiacha kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2001, kwa kuwa vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea. Mwaka 2020 jina lake lilirudi kwa kishindo. Katika visahani vya maabara, klorokwini na ndugu yake hidroksiklorokwini zilionekana kuzuia virusi vya korona. Viongozi wakubwa walizisifu hadharani kabla ya kupimwa kwa wagonjwa.

Watu hawakungoja. Machi 2020 maofisa wa afya wa Lagos, Nigeria, walitangaza kwamba kuna watu waliodhurika kwa kumeza klorokwini nyingi kupita kiasi. Nchini Marekani hidroksiklorokwini ikawa adimu madukani, na walioumia ni wagonjwa wanaoihitaji kila siku, hasa wenye lupusi. Katika kila wagonjwa kumi wa lupusi, tisa hivi ni wanawake. Kidonge ambacho mmoja alikificha kabatini "kwa tahadhari" kilitoka mkononi mwa dada aliyekuwa akikitegemea.

Majibu yalipatikana Juni 2020 katika mpango uleule wa RECOVERY. Kati ya wagonjwa waliopewa hidroksiklorokwini, 27 katika kila 100 walikufa ndani ya siku 28. Kati ya wasiopewa, walikufa 25 katika kila 100. Haikuwasaidia.

Ilikuwaje basi ikaonekana nzuri katika kisahani? Mwaka 2021 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, walieleza sababu moja. Dawa nyingi za zamani zilizoonekana kuzuia korona katika maabara zilikuwa zinajaza mafuta ndani ya seli na kuivuruga. Seli iliyovurugika haiwi kiwanda kizuri cha virusi, lakini hiyo si tiba ya mwanadamu. Sabuni nayo huua virusi ndani ya beseni, wala hakuna mama mwenye akili atakayemnywesha mtoto sabuni.

Upo pia ufunguo ambao hatima yake haikukamilika. Katika Umoja wa Ulaya, mpango ulioitwa Exscalate4CoV ulipitisha kwenye kompyuta maumbo 400,000 ya dawa na kemikali, ukachagua 7,000 za kupimwa zaidi katika maabara. Moja iliyotokeza ni raloksifeni, dawa wanayopewa wanawake waliokoma hedhi ili mifupa yao isiwe dhaifu. Oktoba 2020 Italia iliruhusu ipimwe kwa wagonjwa wa korona. Lakini wagonjwa waliopatikana walikuwa wachache mno kuweza kutoa hukumu. Ikabaki dawa ya mifupa.

Tunaona basi kwamba kompyuta haidanganyi wala haitabiri. Inapanga foleni tu. Dawa iliyo mbele katika foleni inaweza kuwa barisitinibu, na inaweza kuwa hidroksiklorokwini. Kompyuta haiwezi kutuambia ni ipi, wala kisahani hakiwezi. Ni mgonjwa aliyetibiwa na kulinganishwa kwa haki ndiye anayetuambia.

Ya kale si dhahabu kwa kila mtu

Tumezoea kusema kwamba ya kale ni dhahabu. Kwa dawa, tuongeze neno: ni dhahabu kwa mwenye ugonjwa wake, kwa kipimo chake, chini ya macho ya mtaalamu.

Chukua hiyo barisitinibu yenyewe. Kwa kuwa inatuliza kinga ya mwili, mtu anayeitumia huweza kushambuliwa na maradhi mengine kwa urahisi, na hasa kifua kikuu kilicholala mwilini kinaweza kuamka. Inaweza pia kuleta damu kuganda katika mishipa. Watengenezaji wake hushauri isitumiwe wakati wa ujauzito. Katika nchi zetu, ambako kifua kikuu ni jirani wa wengi, hayo si maneno ya kupita. Mgonjwa wa korona mwenye dalili ndogo tu, aliye nyumbani anakunywa uji, hakuwa mmoja wa wale waliosaidiwa katika majaribio. Waliosaidiwa ni wagonjwa waliolazwa hospitalini, wengi wao wakiwa kwenye oksijeni.

Tena dawa iliyojaribiwa kwa wanaume na kwa wanawake wasio wajawazito haijasema lolote juu ya mtoto aliye tumboni. Mama mjamzito au anayenyonyesha asikubali kuwa wa kwanza kujaribiwa jikoni kwake.

Na kuna suala la bei. Deksamethasoni ni rahisi kwa sababu viwanda vingi duniani huitengeneza. Barisitinibu bado ilikuwa na haki miliki. Mei 2021 kampuni ya Eli Lilly iliviruhusu viwanda kadhaa vya India kuitengeneza kwa matumizi ya nchini humo, lakini shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilalamika mwaka 2022 kwamba nchi nyingi zilikuwa bado zimefungiwa mlango kwa haki miliki hizo. Kwa hiyo dawa inaweza kupatikana haraka katika kompyuta, ikathibitishwa vizuri hospitalini, na bado isimfikie mama wa kijijini. Hilo nalo ni la kuulizwa kwa wawakilishi wetu na wizara zetu, maana kompyuta haitaliuliza kwa niaba yetu.

Tufanye nini nyumbani?

Maradhi mapya ya virusi yatakuja tena, na habari za "dawa ya zamani iliyogunduliwa kuwa tiba" zitakuja pamoja nayo. Nyingine zitakuwa za kweli. Ili tuzipambanue, tunawaomba akina mama wenzetu mzikumbuke hatua hizi nne, na mkisikia habari yoyote mjiulize imefika ya ngapi.

Kwanza, kompyuta imeichagua. Hapo ni dokezo tu.

Pili, imezuia virusi katika kisahani cha maabara. Hapo bado ni matumaini.

Tatu, imepewa wagonjwa wachache na daktari mmoja akawaona wamepata nafuu. Hapo bado hatujui, kwa maana hakuna wa kulinganisha nao.

Nne, imepimwa kwa wagonjwa wengi waliogawanywa kwa bahati nasibu, na waliopewa wakaonekana kufanya vizuri kuliko wasiopewa. Hapo ndipo wizara ya afya huweza kuiruhusu, na hapo ndipo mama anaweza kumwuliza daktari: "Je, inamfaa mgonjwa wangu?"

Zaidi ya hayo, tufungue kabati la dawa leo. Vidonge vilivyobaki baada ya ugonjwa uliopita visingoje ugonjwa ujao. Tuvirudishe kwenye duka la dawa au kituo cha afya tukaulize namna ya kuvitupa. Tusimpe mtoto dawa ya mtu mzima kwa kuikata nusu. Tusimgawie jirani dawa yetu ya presha au ya viungo kwa sababu tu dalili zake zinafanana na zetu. Na daktari au mwuguzi akiuliza tunatumia dawa gani, tumtajie zote, hata za mitishamba, kwa maana dawa mbili nzuri zinaweza kugombana tumboni mwa mtu mmoja.

Na itokeapo siku hospitali ikamwomba mmoja wetu kushiriki majaribio ya dawa, tusikimbie kwa hofu wala tusikubali kwa haya. Tuulize: Dawa hii ilikuwa ya nini mwanzoni? Madhara yake ni yapi? Nikikataa, nitaendelea kutibiwa kama kawaida? Nikiwa mjamzito, au nikipata mimba katikati, itakuwaje? Ni haki ya mgonjwa kujibiwa kwa lugha anayoielewa, na kujitoa wakati wowote.

Wanawake wale wajawazito walioshiriki katika majaribio ya AZT hawakujua kama wangepewa dawa au kidonge kitupu. Kwa kukubali kwao, madaktari walijua kwa hakika kwamba mtoto anaweza kukingwa. Tangu hapo akina mama wengi wenye virusi vya UKIMWI, Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bukavu, wamejifungua watoto wasio navyo.